Someni Kwanza, Mguse Baadaye

Wanangu mnaoshika seva,

Wengi wenu mmeingia kazini wakati kugawa mzigo kumeshakuwa jambo jepesi. Unasakinisha Nginx, unaandika mistari michache inayotaja seva tatu, unaiwasha, na maombi ya watu yanaanza kugawanywa kwa zamu: la kwanza huku, la pili kule, la tatu kwingine, kisha zamu inarudi mwanzo. Igor Sysoev alipoitoa Nginx hadharani mwaka 2004, mafundi walikuwa wakiumiza vichwa namna ya seva moja kuhudumia watu elfu kumi kwa wakati mmoja. Leo hilo halimtishi mtu. Linalonitia hofu mimi ni jingine, na ndilo lililonifanya niwaandikie: seva zikiwa nyingi, ugonjwa wa moja hauonekani, na siku ukijitokeza, fundi ambaye hakuuona mapema hukimbilia kugusa kabla ya kusoma.

Chukueni hizo seva tatu. Tuseme ya pili imekwama: haijazimika, ila haiitiki. Msipobadilisha kitu katika mipangilio ambayo Nginx huja nayo, ombi linalopelekwa huko litasubiri muunganisho kwa sekunde 60 nzima ndipo lihamishiwe seva nyingine. Baada ya kushindwa mara moja, Nginx huiweka seva hiyo kando kwa sekunde 10, halafu huijaribu tena, na huijaribu kwa ombi la mtu halisi. Mtu huyo naye atakodolea macho ukurasa mweupe kwa dakika nzima. Akitoka yeye, ameshanaswa mwingine.

Wewe ukiifungua tovuti hapo ofisini, inafunguka. Meneja akiifungua, inafunguka. Mzazi aliyeko mbali, anayetafuta matokeo ya mtihani ya mwanawe kwa kifurushi cha intaneti kinachokaribia kuisha, anapiga simu kulalamika, naye anaambiwa mtandao wa kwake ndio mbovu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kigawa mzigo huficha maradhi kwa nia njema kabisa, kwa sababu ndiyo kazi tuliyokipa. Kuyafichua ni kazi yenu.

Kwa hiyo fanyeni mambo mawili kabla ya yote. Kwanza, pale seva zenu zinapokaa kwenye mtandao mmoja wa ndani, shusheni thamani ya proxy_connect_timeout hadi sekunde mbili au tatu. Seva jirani ambayo haijapokea muunganisho ndani ya muda huo ina tatizo, na hakuna sababu ya kumfanya mteja aisubiri. Pili, panueni logi. Logi ya kawaida ya Nginx haisemi ni seva ipi ya nyuma iliyojibu, wala ilichukua muda gani. Ongezeni $upstream_addr na $upstream_response_time katika muundo wa logi. Mkiwa na vitu hivyo viwili, seva iliyokwama itajitaja yenyewe. Bila hivyo mtakuwa mnabahatisha gizani, hata muwe hodari namna gani.

Sasa jifunzeni kuisoma pia logi ya makosa, kwa sababu kila neno lake lina maana. Mkikuta “111: Connection refused”, jueni kwamba mashine ipo na imejibu, ila hakuna programu inayosikiliza kwenye mlango huo. Programu imeanguka, au mmeandika namba ya mlango isiyo sahihi. Ombi lisipopata seva nyingine ya kulihudumia, mteja huonyeshwa kosa la 502. Mkikuta “110: Connection timed out”, msiishie hapo, someni maneno yanayofuata. Yakisema “while connecting to upstream”, muunganisho wenyewe haukupatikana: huenda ngome ya mtandao imeuzuia, au mashine imezimika. Yakisema “while reading response header from upstream”, muunganisho ulipatikana vizuri na ombi likafika, ila programu haikujibu kwa wakati. Hapo kaangalieni hifadhidata, na kigawa mzigo mkiache kama kilivyo. Pasipokuwa na seva nyingine ya kujibu, mteja anaona 504 ileile katika hali zote mbili, na fundi asiyesoma huongeza muda wa kusubiri katika zote mbili. Huyo hajatibu kitu. Amewaongezea watu foleni.

Mkitaka kujua gharama ya kugusa kabla ya kusoma, isomeni habari ya Knight Capital, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikifanya biashara ya hisa. Mwishoni mwa Julai 2012 waliweka programu mpya kwenye seva nane zilizogawana kazi ya kupeleka oda sokoni. Seva saba zilipata programu hiyo. Ya nane ilisahaulika, ikabaki na programu ya zamani yenye kipande ambacho hakikuwa kimetumika tangu 2003. Hakukuwa na utaratibu wa maandishi wa kumtaka fundi wa pili ahakiki kazi ya mwenzake.

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti, kabla soko halijafunguliwa, mfumo wenyewe ulituma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja hitilafu. Hazikufanyiwa kazi. Soko lilipofunguliwa, seva ya nane ilichukua oda ndogo za wateja na kuzigeuza mamilioni ya oda. Kisha likaja lile ninalowaombea lisiwafike: katika kuhangaika, mafundi waliiondoa programu mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa nzima. Ugonjwa wa seva moja ukawa wa zote nane. Ndani ya dakika 45 mambo yalikuwa yameharibika, na hasara ikapita dola milioni 460. Kampuni haikusimama tena kwa miguu yake. Mwaka uliofuata iliunganishwa na nyingine.

Wale hawakuwa wajinga. Taarifa ilikuwepo, imeandikwa, imetumwa, na hakuna aliyeifanyia kazi. Walipoamka, mkono ulitangulia jicho.

Basi hitilafu ikitokea, mfuate utaratibu huu hata kama simu zinalia na wakubwa wamewasimamia nyuma ya viti. Msianze kwa kuzima na kuwasha; programu ikiwashwa upya, ushahidi mwingi uliokuwa kwenye kumbukumbu ya mashine unapotea. Itafuteni kwenye logi seva inayolegalega, iandikieni neno down kwenye orodha ya seva, kagueni faili kwa amri ya nginx -t, kisha pakieni mipangilio upya kwa nginx -s reload. Amri hiyo huacha maombi yaliyokwisha kuanza yamalizike, kwa hiyo hamtamkata mtu katikati ya shughuli yake. Watu wakishahudumiwa na seva zilizobaki, mna muda wa kumchunguza mgonjwa kwa utulivu. Linganisheni programu iliyomo na ile ya wenzake, faili kwa faili, na fundi wa pili ahakiki.

Utaratibu huo unategemea jambo moja ambalo wenye haraka hulisahau: seva zinazobaki lazima ziweze kuubeba mzigo wote. Seva mbili zinazofanya kazi kwa asilimia 70 kila moja zinapendeza kwenye grafu, lakini ikitoka moja, ya pili inadaiwa asilimia 140. Hapo hamna akiba yoyote.

Nawausia pia kuhusu fedha za watu. Tangu toleo la 1.9.13, Nginx haikubali kulirudia kwenye seva nyingine ombi la POST lililokwisha kutumwa kwenye seva ya kwanza. Imefanya hivyo kwa hekima: seva iliyochelewa kujibu huenda imeshakata malipo. Yupo atakayewashauri kuongeza neno non_idempotent ili makosa yapungue. Makosa yatapungua kweli, na mtu aliyelipa ada ya shule mara moja atakatwa mara mbili. Msilikubali hilo mpaka programu yenyewe iwe na namna ya kutambua kwamba malipo haya ni yaleyale.

Na msiige mipangilio ya watu wa mbali bila kuwapima watumiaji wenu. Njia ya ip_hash humpeleka mteja kwenye seva ileile kila mara, lakini kwa anwani za IPv4 hutazama sehemu tatu za kwanza tu. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani chache. Kwa watu wetu, ambao wengi wanaingia kwa simu, seva moja inaweza kulemewa huku nyingine zikikaa bure. Ni afadhali taarifa za mtumiaji aliyeingia ziwekwe mahali pamoja ambapo kila seva inaweza kuzisoma, halafu zamu iachwe ifanye kazi yake.

Wanangu, amana mliyopewa ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye kioo. Nyuma ya kila mstari wa logi kuna mtu: anatafuta matokeo, anatuma fedha nyumbani, anaomba miadi ya hospitali. Hawajui jina la seva wala jina lako, na hawana namna ya kujitetea mfumo ukiwaangusha.

Kwa hiyo wiki hii chagueni saa tulivu, waarifuni wenzenu, mwitoe seva moja kwa makusudi. Kaeni na logi, mtazame nani anaumia na kwa muda gani, kisha mrekebishe mlichokiona. Fanyeni hivyo kila mnapobadilisha programu au kuongeza seva. Mtakayoyajua kwa hiari siku hiyo, hamtayajua kwa aibu siku ya msongamano.