Tuzo na Haki

Je, mtu aliyelipia starehe yake aweza kusema kwamba ametoa sadaka? Swali hili niliulizwa darasani na mwanafunzi wangu mmoja, nami sikuwa na jibu la haraka. Maana juma lile lile nilikuwa nimehudhuria tamasha la hisani, na jambo lililonipata baada yake lilikuwa bado lanisumbua.

Tamasha lilikuwa la taarabu, katika ua wa nyumba kubwa karibu na Marikiti. Soko hilo Waingereza waliliita kwa jina la Mackinnon. Wenyeji wa Mombasa wakalichukua neno lao la soko, wakalitia irabu, likawa letu. Shabaha ya tamasha ilikuwa kukusanya fedha za wakili kwa ajili ya watu wa nyumba kadhaa za Majengo waliopewa ilani ya kuhama. Watu hao walikuwa na kile kiitwacho Mombasa nyumba bila ardhi: mtu hujenga kwa mali yake juu ya kiwanja cha mwingine, akawa hulipa kodi ya kiwanja kila mwezi, kuta ni zake, udongo si wake. Mzizi wa jambo hili ni wa zamani. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi ya pwani apeleke dai lake liandikwe. Waliozijua kalamu na njia za ofisi waliandikisha, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Hivyo wengi walijikuta wapangaji katika nchi ya babu zao.

Udi ulilia usiku ule, fidla ikauitikia. Desturi ya taarabu ni kutunza: msikilizaji aliyeguswa huinuka, huenda mbele kwa madaha, akampa mwimbaji fedha machoni pa watu wote. Kwa kuwa shughuli ilikuwa ya hisani, tuzo zote zilitiwa katika sinia la shaba kwa ajili ya wakili. Nami niliinuka. Noti yangu ilikuwa ya shilingi 500, wala sikuikunja, ili ionekane.

Asubuhi yake nilikwenda Marikiti, nikamwita hamali anichukulie gunia la viazi hadi kwenye magari. Tulipatana shilingi 100. Tulipofika nikampa 80, nikamwambia kwamba njia ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani. Alizitazama fedha, akanitazama mimi, akaenda zake. Hakunung'unika, na kimya chake kilinifuata hadi nyumbani.

Wako watakaosema kwamba kosa langu lilikuwa kutoa hadharani, kwani dini yasifu mkono wa kulia utoao pasipo wa kushoto kujua. Wengine watasema kwamba starehe iliiharibu sadaka. Siafiki. Madaha yangu yalinipunguzia mimi thawabu. Wakili hayakumpunguzia hata senti. Mwaka 1971 Ravi Shankar, mpiga sitar mashuhuri, alimwendea rafiki yake George Harrison, na tarehe 1 Agosti wakafanya tamasha mara mbili kwa siku moja mjini New York, kwa ajili ya wakimbizi wa Bangladesh. Shankar na wenziwe walipokuwa wakilinganisha nyuzi tu, hadhira ilishangilia ikidhani ndio muziki wenyewe. Watu wale hawakuujua muziki ule, na yamkini wengi hawakuijua nchi ile. Hata hivyo, dola 243,000 na zaidi zilikabidhiwa UNICEF. (Fedha za santuri za tamasha hilo zilikwama miaka mingi kwa ajili ya mambo ya kodi, sadaka nayo yahitaji karani mwangalifu.) Mwenye njaa hamwulizi mtoaji kama alifurahi alipokuwa akitoa.

Walakini si kila shida ni njaa. Tarehe 11 Juni 1988 watu walijaa uwanja wa Wembley, London, katika tamasha la kumwadhimisha Nelson Mandela, aliyekuwa akikaribia kutimiza miaka 70, naye yu kifungoni tangu mwaka 1962. Miriam Makeba aliimba pale. Hapana kiingilio ambacho kingemnunua Mandela, kwa kuwa uhuru wake haukuwa bidhaa. Ulikuwa wake, umezuiwa. Waliohudhuria hawakuwa na la kumpa ila kudai pamoja naye. Alitoka tarehe 11 Februari 1990, na sisemi kwamba nyimbo ndizo zilizofungua mlango. Walioufungua hasa ni watu wa Afrika Kusini, kwa taabu na damu yao.

Tofauti hii yaonekana Marikiti kila siku, bila kwenda London. Muuzaji wa nyanya akiisha kukupimia kilo, huongeza nyanya moja au pilipili mbili juu yake, nawe hushukuru. Lakini kama jiwe lake la mizani ni pungufu, ile nyongeza imetoka katika mali yako mwenyewe, nawe unashukuru bure. Shilingi zangu 500 zilikuwa nyongeza. Shilingi 20 za hamali zilikuwa uzito wa jiwe.

Basi nilimjibu mwanafunzi wangu kwamba sadaka ya tamasha ni sadaka, na starehe haina lawama. Ila aliyeketi pale asidhani kwamba amelipa deni. Watu wa Majengo hawakuja kuomba tuzo. Walikuja kuomba msaada wa kusikilizwa, na kesi yao ingali mahakamani.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Marikiti, nisimwone hamali yule. Nilimkuta baada ya majuma mawili, ameegemea mkokoteni wake. Nilimpa shilingi 20 zake. Alizipokea, akazitia mfukoni, wala hakunishukuru. Aliniuliza kama siku hiyo nilikuwa na mzigo.