Hoja Iliyobaki kwenye Roketi ya Zamani

Mtunzi wa programu za kompyuta ni nadra kuchagua kati ya jema na baya. Huchagua kati ya mema mawili yasiyokaa pamoja: akiongeza ukaguzi, kasi inapungua, akitaka kasi, baadhi ya kinga ziondoke. Je, uamuzi wa namna hiyo uhukumiwe kwa matokeo yake, au kwa hoja zilizokuwapo ulipofanywa?

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, ikiwa na satelaiti nne za utafiti. Sekunde 40 hivi baadaye ikapinda, ikavunjika na kulipuka. Programu ya kifaa cha kupimia mwelekeo ilijaribu kuingiza namba ya biti 64 katika nafasi ya biti 16, na namba haikuenea. Kifaa kikazimika, na kifaa cha akiba, chenye programu ileile, kilikwisha kuzimika kwa kosa hilohilo.

Programu hiyo ilitoka Ariane 4. Kompyuta ya kifaa hicho ilitakiwa isilemewe kupita asilimia 80 ya uwezo wake, kwa hiyo kati ya namba saba zilizoweza kufurika, nne zilipewa kinga na tatu zikaachwa, kwa hoja kwamba kimaumbile haziwezi kukua kiasi hicho. Katika safari za Ariane 4 hoja hiyo ilisimama. Lakini Ariane 5 ilipata kasi kubwa zaidi ya mlalo mapema, na mojawapo ya namba hizo tatu, iliyotegemea kasi hiyo, ikafurika. Linalouma zaidi ni kwamba kwa Ariane 5 hesabu iliyoleta kosa haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuruka.

Anayehukumu kwa matokeo tu atawaita wazembe watu waliopima kwa makini. Anayetazama nia tu hana la kusema mbele ya mabaki ya Kourou. Aristotle alisaidia zaidi: kwake, busara ya utendaji hushughulika na mambo yanayoweza kuwa vinginevyo, hivyo humtaka mtu atazame hali iliyo mbele yake. Programu ilihamishwa nzima. Sababu zilizoihalalisha hazikupimwa upya.

Tume ya uchunguzi, chini ya mwanahisabati Jacques-Louis Lions, iligundua kuwa takwimu za njia ya Ariane 5 hazikuingizwa katika masharti ya kifaa hicho, tena kwa makubaliano ya wahusika. Lawama inastahili kuangukia makubaliano hayo, kuliko namba tatu zilizoachwa bila kinga.