Jibu Linalotosha

Gazeti kuukuu lililofungiwa maandazi lilikuwa na fumbo la maneno ambalo halijajazwa. Kwenda kulia, namba 7: mji mkuu wa Burundi, herufi 9. Tangu 2019 mji mkuu wa kisiasa ni Gitega, herufi 6. Nikaandika BUJUMBURA. Lilipatana na kila neno lililolikata, nikaridhika, ingawa nilijua limepitwa na wakati. Visanduku havidai ukweli, vinadai kupatana.

Nikamkumbuka mama siku ya msiba, akiniuliza kama kaka aliteseka. "Hapana, mama. Alilala tu."

Jibu lile nalo lilitosha. Je, nilimhurumia, au nilijaza tu nafasi aliyoniachia? Hajauliza tena, nami sijathubutu kulifuta.