KUFUNIKA SI KUFICHA

Masomo: Zaburi 32, Mithali 28:13, 1 Petro 4:8





Mvua zikianza, mbegu huota, na magugu huota upesi kuliko mbegu. Kila mwenye bustani Ujiji, Gungu au Kibirizi anaijua taabu hiyo. Unapalilia Jumatatu; Jumamosi kishona nguo kimerudi kana kwamba hukufanya kazi. Basi wapo wakulima wanaotumia njia isiyotaka dawa wala fedha nyingi, yaani magazeti ya zamani. Njia hiyo inafaa kwa mchicha na nyanya, na ndani yake limo fundisho kwa roho zetu.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Kwanza magugu hukatwa mpaka chini. Kisha udongo humwagiwa maji mpaka ulowe. Ndipo kurasa hutandikwa, sita mpaka kumi kwa pamoja, ukingo wa fungu moja ukilalia fungu la pili kwa upana wa kiganja ili pasibaki nafasi. Hulowanishwa mara moja, maana upepo wa ziwani haumngojei mtu, na juu yake huwekwa majani makavu. Karatasi za kawaida ndizo zifaazo. Zile za kung'aa zenye picha za rangi ziachwe. Miche hupandwa katika matundu, na karatasi isiguse shina. Gugu lililonyimwa mwanga hudhoofika na kufa. Karatasi nayo huoza baada ya miezi kadhaa ikawa udongo. Habari iliyowatikisa watu mwaka jana, mwaka huu inalisha nyanya.

Sasa tufungue Biblia. Mithali inatuonya kwamba mtu anayeyafunika makosa yake hatapata heri. Petro naye anatufundisha kwamba penye upendo wa kweli, makosa mengi hufunikwa. Je, Maandiko yanapingana? Hasha. Tumsikilize Daudi katika Zaburi ya 32. Aliponyamaza na dhambi yake, mwili wake ulichakaa, na mkono wa Mungu ukamlemea usiku na mchana. Kisha akaungama. Na zaburi hiyohiyo huanza kwa kumwita heri mtu ambaye dhambi yake imesitiriwa. Imesitiriwa na nani? Si na Daudi. Daudi aliifunua, Mungu akaifunika. Alipoifunika mwenyewe ilimla. Mungu alipoifunika ilikufa. Basi kabla ya kutandika karatasi tuulize, anayefunika ni nani?

Kwanza, mwenye kosa asijifunike mwenyewe. Mkulima mvivu hutandika karatasi juu ya magugu yaliyosimama. Siku mbili tatu bustani inapendeza, kisha magugu yanainua karatasi na upepo unaichukua. Na ndago je? Ndago ina ncha kali, na chini ya udongo ina viazi vidogo vinavyoitunza. Hutoboa karatasi ikatokea juu. Dawa yake ni kuchimba. Ipo dhambi ya namna hiyo, kama ulevi, uzinzi, au chuki ya ukoo na ukoo. Nguo safi ya Jumapili haiizuii, wala kuimba kwaya, wala sadaka nono. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Ndiyo maana kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana tunaungama, na wazee wetu wa Uamsho walitufundisha kutembea nuruni. Hapa moyo na bustani vinaachana: gugu hufa likinyimwa mwanga, bali dhambi hufa ikiletwa kwenye mwanga.

Pili, aliyekosewa ndiye mwenye karatasi. Jirani alikutukana bombani mbele za watu. Ndugu yako alichelewesha fedha za nyavu mpaka ukakosa msimu wa dagaa. Sasa amekuja, amekiri, ameomba radhi. Gugu limekatwa, ardhi imelowa. Lililobaki ni kwako. Wapo kati yetu wanaohifadhi makosa ya wenzao kama magazeti yaliyofungwa kamba chini ya kitanda. Ugomvi ukizuka, fungu linafunguliwa, na habari ya miaka kumi iliyopita inasomwa upya, tarehe na yote. Ndugu, yatoe mafungu hayo uyatandike bustanini. Yaloweshe, yafunike majani, yaoze. Huo ndio upendo anaousema Petro. Hausemi kosa halikuwapo; unalinyima mwanga wa kuotea tena.

Tatu, kosa alilotendewa mwingine si letu kulifunika. Hapa tukumbuke gazeti moja la zamani lililofika Ujiji. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, ng'ambo ya ziwa letu, kando ya mto Lualaba. Karatasi zilikuwa zimemwishia, na wino pia. Akachukua kurasa za gazeti la London liitwalo The Standard, la tarehe 24 Novemba 1869, akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino aliotengeneza kwa mbegu za mmea. Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki, wa misafara ya watumwa na pembe, waliwapiga risasi watu waliokusanyika sokoni, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, wengine kwa kuzama mtoni. Livingstone aliyaandika aliyoyaona.

Oktoba mwaka huo alirudi Ujiji, mgonjwa na amechoka, na kutoka hapa akaandika barua za kwenda Uingereza. Stanley, ambaye mwenyewe alitumwa na gazeti la New York Herald, alizichukua mwaka 1872. Habari hizo ziliwaongezea nguvu waliodai biashara ya watumwa ikomeshwe. Juni 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kianglikana likawekwa mahali palepale. Wino ule wa mbegu ulififia hata haukusomeka; lakini wataalamu waliupiga picha kwa mianga maalumu, na mwaka 2011 maneno yakatolewa hadharani. Bwana wetu alituambia kwamba lililositirika litajulikana.

Basi tujipime. Mtoto ameharibiwa na mtu mzima wa ukoo, na wazee wanakaa kukubaliana juu ya mbuzi na fedha ili jina la familia lisichafuke. Mjane amenyang'anywa shamba la michikichi na shemeji zake. Fedha za kanisa zimepotea, na wajuao wananyamaza. Mara nyingi husemwa, "Tuyafunike, sisi ni Wakristo." Hapana, wapendwa! Hatuna ruhusa ya kusamehe kwa niaba ya aliyeumizwa. Na hata yeye akisamehe, wajibu wetu wa kumlinda, na wa kulifikisha jambo kwa wenye mamlaka, unabaki. Kunyamaza kwa namna hiyo ni kutandika karatasi juu ya ndago, na ndago hiyo itawachoma watoto wengine.

Mwisho, tusisahau kupanda. Karatasi huzuia kwa msimu mmoja tu. Mahali palipoachwa wazi magugu hurudi. Katika Mathayo 12 Bwana anasimulia habari za nyumba iliyofagiwa ikabaki tupu, na pepo mmoja aliyetoka akarudi na wenzake saba. Mahali ulipong'oa chuki, panda salamu. Mahali ulipong'oa ulevi, panda saa ya sala pamoja na watoto wako.

Basi juma hili, kila mmoja wetu aende bustanini kwa Bwana na maswali matatu. Ni lipi langu la kuungama? Ni lipi la mwenzangu la kufunika? Na ni lipi ninalolinyamazia, nami napaswa kulisema?

Tuombe. Ee Bwana Mkulima wa mioyo yetu, tupe ujasiri wa kuyafunua yaliyo yetu, upendo wa kuyafunika ya wenzetu, na sauti ya kuwasemea wadogo wasiosikiwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.