SUKUMA WIKI: NENO KWA ALIYEBAKI NA KONZI MOJA

Somo: 1 Wafalme 17:8-16



Hebu tuanze na swali. Wiki hii umekula sukuma mara ngapi? Usijibu kwa sauti, jirani yako anasikia. Wengi wetu tumekula leo, jana na juzi, na kesho tutakula tena. Jina lenyewe linajieleza: ni mboga ya kusukuma wiki pesa zikiisha kabla ya siku kuisha. Na hakuna aliyeiita sukuma mwaka. Ni wiki tu.

Nilipotoka chuo na shahada yangu ya biashara, nilifungua duka la nafaka. Nilikuwa na mpango wa miaka mitano, umechapishwa vizuri. Duka lilidumu miezi 14. Nilifunga nikiwa na deni la mkopo, kodi ya nyumba ya miezi miwili, mke na mtoto mchanga. Mke wangu hakusema mengi. Alitafuta magunia matatu, akayajaza udongo na samadi, akapanda miche ya sukuma nyuma ya nyumba tuliyopanga. Ndiyo tuliyokula na ugali, mchana na jioni. Na mimi niliichukia. Kila sahani niliiona kama inaniambia, "Wewe umeshindwa." Niliomba Mungu anitoe kwenye sukuma. Sikuwahi kumshukuru kwa sukuma.

Jioni moja mzee mmoja wa kanisa alibisha hodi bila kupiga simu. Ugali ulikuwa umeiva, sukuma iko kwenye sufuria. Nikamnong'oneza mama watoto, "Usipakue. Ngoja aende kwanza." Nilikuwa naona haya. Tukaketi, tukaongea karibu saa nzima, ugali unapoa jikoni. Mwishowe mzee akacheka: "Kijana wangu, harufu ya kitunguu ilinipokea mlangoni. Mbona mnaninyima sukuma?" Tukapakua. Akala, akaongezwa, akala tena. Nilipomsindikiza hadi getini, akanishika mkono na kusema kwa sauti ya chini, "Mungu awabariki. Tangu jana asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni."

Wapendwa, usiku huo sikupata usingizi. Aibu yangu ilikaribia kumlaza mtu njaa, na chakula kiko.

Hapo ndipo nilirudi kwa yule mjane wa Sarepta. Mambo matatu.

1. Mungu hutoa ya leo

Mama huyu alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo. Anaokota kuni apike mara ya mwisho, ale na mwanawe, kisha wangojee kufa. Eliya akampa ahadi ya Mungu. Lakini soma pole pole: Biblia haisemi pipa lilijaa. Inasema unga haukuisha. Kwa hivyo naona kila asubuhi akichungulia alikuta kile kidogo tu, na siku hiyo kikatosha. Imani yake ilikuwa kurudi kwenye pipa kesho, na kesho kutwa, mpaka mvua inyeshe. Hata mana jangwani ilikuwa ya siku kwa siku (Kutoka 16).

Kupanga si dhambi. Vijana wa kanisa hili wanajua ninavyowasumbua kuhusu bajeti. Lakini mpango wangu wa miaka mitano ulikuwa umegeuka mungu wangu, na ulipoanguka nikafikiri Mungu ameanguka nao.

2. Shina lina makovu

Ukienda shambani uangalie sukuma ya zamani. Huchumwa kutoka chini kwenda juu. Yale majani machanga ya juu huachwa, na mmea unazidi kupanda. Baada ya miezi unakuta shina refu, lina alama kila mahali jani lilipotolewa. Mkulima hatasema mmea huo umeharibika. Anajua kila alama ni siku ambayo watu walikula.

Sisemi kila hasara ni Mungu amechuma. Duka langu lilianguka pia kwa makosa yangu: niliuza kwa mkopo hadi kwa wasiolipa, na nikala mtaji. Wengine mmeumizwa na watu waovu, na hilo Mungu halipendi. Ninachosema ni hiki: jani limetoka, lakini wewe bado uko. Kazi imeenda, ndoa imetikisika, mtoto amekosa karo. Usikubali shida ifike juu, kwenye moyo, mahali ambapo majani mapya hutokea. Mithali 4:23 inatuagiza tulinde moyo kuliko yote. Ukipoteza kazi, usipoteze maombi. Ukipoteza pesa, usipoteze ukweli wako.

3. Pakua, hata kama ni kidogo

Eliya alikuja njaa ikiwa imebana kila mtu. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Na tuelewane: andiko hili halikuandikwa ili mtu amkamue mjane shilingi yake ya mwisho. Eliya naye alikuwa na njaa. Pipa lile moja lililisha nabii, mama na mtoto wake, wote kwenye meza moja.

Humu kanisani kuna mtu amevaa suti iliyopigwa pasi na hajala. Ukimwambia tu "Mungu atakupa" na kumwacha aende, Yakobo 2:15-16 inauliza hiyo itamfaa nini. Na wewe unayeficha, mzee yule alinifundisha kwamba kuomba sahani ya sukuma si aibu. Kama asingeuliza, angelala njaa, na mimi ningebaki kwenye kiburi changu.

Wiki hii fanya mambo mawili. Kwanza, ukiketi kwenye sukuma yako, ishukuru kwa sauti, watoto wasikie. Pili, nunua fungu moja la ziada kwa mama mboga, umpelekee mtu mmoja. Na kama wewe ndiye huna, mwambie kiongozi wa ushirika wako wa nyumbani kabla ya Jumatano. Usingoje Jumapili.

Mtauliza yangu yaliishaje. Hakuna aliyenipigia na milioni. Deni lilichukua miaka mitatu kulipwa, kidogo kidogo. Lakini hakuna jioni tuliyolala njaa. Magunia bado yako nyuma ya nyumba, na siku hizi mgeni akibisha, mimi ndiye napakua.

Tuombe: Baba, tupe ya leo. Utusamehe kwa kudharau ulichotupa. Linda mioyo yetu wakati majani yanatoka. Tufungue mikono tukiwa na kidogo, kama yule mama. Katika jina la Yesu, Amina.