Wasia wa Kusingiziwa: Uongo wa Mapatano na Maadili ya Matanga

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili swali moja la kimaadili: je, ni halali kumsingizia maiti wasia ili kuwapatanisha walio hai? Swali hili linazushwa na filamu ya Kimarekani This Is Where I Leave You (2014), iliyoongozwa na Shawn Levy na kuandikwa na Jonathan Tropper kutokana na riwaya yake ya mwaka 2009. Ni filamu ambayo mwandishi wa makala haya ameitazama mara nyingi na bado haijamchosha. Ndugu wanne watu wazima wanarudi nyumbani kumzika baba. Mama yao, Hillary, anawaambia kwamba marehemu, ingawa hakuwa mtu wa dini, aliusia wakae shiva, yaani matanga ya Kiyahudi ya siku saba, chini ya paa moja. Wanakaa. Wanagombana, wanachekana, wanafichuliana siri. Hatimaye mama anakiri kwamba wasia ule aliutunga yeye.

Mhakiki wa tanzia-ramsa kama hii aghalabu huanza kwa kuuliza iwapo kicheko kinafaa penye msiba. Kwetu sisi suala hilo lilijibiwa kitambo na watani. Lililo gumu ni la wasia.

2.0 Matanga na Wito Wake

Msomaji wa Bondeni hatakuwa mgeni katika nyumba ile. Neno shiva maana yake ni saba, nalo lina nasaba moja na neno la Kiarabu lililotupa saba yetu. Wayahudi nao husema "kukaa" shiva, kama sisi tusemavyo kukaa matanga. Wafiwa wao huketi viti vifupi, wetu huketi mikekani.

Tofauti iko katika wito. Bondeni mazishi hayangoji: aliyefariki alfajiri huenda akazikwa alasiri, na mwana aliyeko Dubai au London hufika kaburi limekwisha fukiwa. Anachokiwahi ni matanga, siku tatu za kupeana mikono na kusomeana dua, kabla ya mjane kuachwa na eda yake ya miezi minne na siku kumi. Mama wa Bondeni hana haja ya kutunga wasia ili wanawe waje, kwani ada imekwisha waita kwa niaba yake. Uongo wa Hillary, basi, ni dalili ya ada iliyolegea: pale ada isipoita, mtu hulazimika kuita, na mtu akiona sauti yake haitoshi huazima ya maiti.

Hata hivyo tusijisifu mapema. Nyumba wanamokutania ndugu ndiyo hiyo hiyo watakayorithi, na kabla matanga hayajaondolewa, maneno ya marehemu huanza kusikika. Mmoja atasema baba hakutaka nyumba iuzwe. Mwingine atasema baba alimwahidi orofa ya juu. Nani atamwuliza baba?

3.0 Uongo Upi?

Anayemtetea Hillary ana hoja nzito. Katika mapokezi ya Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ummu Kulthum binti Uqba, anayesuluhisha baina ya watu hahesabiwi kuwa mwongo. Lakini msuluhishi wa kawaida husema kwa niaba ya mtu aliye hai, ambaye kesho aweza kukana. Maiti hana kesho hiyo. Ndiyo maana fikihi ya Kishafii imeuwekea wasia mipaka: hauzidi thuluthi ya mali, wala mrithi hausiwi, ila warithi wengine waridhie. Sheria imetambua kwamba ulimi wa maiti ni chombo ambacho yeyote aliye karibu aweza kukiokota.

Fasihi yetu imeonyesha upande wa pili wa hatari hii. Katika Nyota ya Rehema (1976) ya Mohamed Suleiman Mohamed, Rehema anapewa shamba na babake bila hati. Baba anapofariki, jamaa wanalidai. Huko neno la kweli la maiti halikusadikiwa kwa kukosa ushahidi. Huku neno la uongo linasadikiwa pasipo kudaiwa ushahidi wowote. Tofauti haimo katika ukweli wa neno, bali katika kile linachomgharimu msikilizaji. Wasia wa Hillary unadai siku saba. Wa Fuad ulidai ardhi.

Je, tuseme basi kwamba uongo unahalalika ukiwa na gharama ndogo na tija kubwa? La. Hoja ya tija ni ya hatari, kwani hata anayesema "baba hakutaka iuzwe" huenda anaamini kwamba anaiokoa familia.

4.0 Mtani na Mama

Mwanya wa kutokea tunauona kwa mtani. Katika misiba ya jamii nyingi za Tanzania, mtani huvaa nguo za marehemu, akaiga mwendo na sauti yake, akasema asiyoyasema. Naye pia humtia maiti maneno kinywani. Lakini hapana anayedanganyika, na kwa hiyo wafiwa wanaweza kucheka. Kinachotenga utani na uzushi ni kujua kwa wanaosikiliza.

Hillary alianza kama mzushi. Kwa kukiri kabla wanawe hawajatawanyika, anaupeleka uongo wake katika milki ya utani. Anawarudishia haki ya kuhukumu. Kungama huko hakufuti kosa, ila kunalizuia lisigeuke kuwa urithi.

5.0 Hitimisho

Jibu letu, basi, ni kwamba kumsingizia maiti wasia si halali, hata kwa mapatano. Ila kosa hilo lina washirika. Kwa nini Hillary hakusema tu, "Mimi ndiye nitakaye mkae"? Bila shaka kwa sababu alijua kwamba wanawe wangemtii baba aliye kaburini kuliko mama aliye mbele yao. Watoto wanaosikiliza wafu peke yao huwafundisha walio hai kusema uongo.

Pwani yetu ina mfano wa kinyume. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, alikuwa mgonjwa, lakini aliusia kwa jina lake mwenyewe na angali hai. Kila mtu ana hiari ya kubishana na mafunzo ya utendi huo, na wahakiki wamebishana nayo sana; hapana awezaye kudai kwamba mwenyewe hakuyasema. Wajibu wa mwana, Bondeni au kwingineko, ni kumsikiliza mzazi mapema kiasi hicho.