Namba Iliyo Chini ya Bodi

Andiko: 2 Timotheo 2:14-21



Shemeji yangu anaishi Marekani. Nilipomtembelea alikuwa amenunua gari-nyumba kuukuu, Winnebago ya 1976. Ndani kuna vitanda, jiko, hata choo. (Mama Mchungaji alisema nisirudi na mawazo kama hayo nyumbani.) Breki zilikuwa zimechoka. Tukaagiza spea kwa jina lile lililoandikwa ubavuni. Zikaja, hazikuingia.

Fundi mmoja alitucheka kidogo. Akasema Winnebago walijenga nyumba tu. Chesisi, injini na breki ni za Dodge. Magari ya namna hiyo yana namba mbili, ya aliyejenga bodi na ya aliyetengeneza chesisi. Hata miaka inaweza kupishana, kwa kuwa chesisi ingeweza kutoka kiwandani mwaka huu na nyumba ikajengwa juu yake mwaka unaofuata. Na usitafute zile herufi na tarakimu 17 za magari ya siku hizi. Kule zilianza na modeli za 1981. Kabla ya hapo kila kampuni iliandika kwa mtindo wake. Basi tukalala chini ya gari na tochi, tunasugua kutu, mpaka namba ya chesisi ikasomeka. Spea zikapatikana.

Paulo anamwambia Timotheo kwamba msingi wa Mungu una muhuri: Bwana anawajua walio wake. Papo hapo anaongeza kuwa anayelitaja jina la Bwana auache uovu. Muhuri uko kwenye msingi, jamani, si kwenye rangi! Himenayo na Fileto walikuwa na rangi nzuri.

Nikiwa pale chini Roho alinigusa. Mimi ubavuni nimeandikwa Mchungaji. Lakini breki za ulimi wangu je? Kifungua mimba wangu hatujaongea tangu mwaka juzi, kwa maneno niliyomwambia mbele ya wageni. Nimekuwa nikiomba Mungu ambadilishe yeye. Kila nilipomtafuta nilienda kama Mchungaji, aya mkononi, si kama mwenye dhambi aliyeokolewa kwa neema.

Nilimpigia jioni hiyo, mikono ingali na grisi. Hakushika. Juzi Jumanne akashika, nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alisema amesikia.

Jumatano hii tutawaombea wazazi na watoto walionyamaziana. Leteni majina. Langu nimeshaliandika.